Mashine Isiyojulikana

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, hata mkunga akauliza ni nani ameniudhi huko ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu haya ninayoandika yanaweza kufanana na habari za vyombo, visanduku vya plastiki vyenye taa za kijani, na msomaji akadhani vyombo ndivyo vilivyokosa. Vyombo havikukosa. Vilifanya kile nilichoviambia, siku zote, bila kuchoka.

Nyumba yetu iko Kasongo, upande wa barabara inayoshuka sokoni. Ni ya tofali za kuchoma na bati, na jiko limesimama peke yake nyuma. Chumba cha mbele ndicho ofisi yangu. Nachapa barua za watu, orodha za wanafunzi, maombi ya viwanja, mapatano ya ndugu wanaogombania mpaka wa shamba. Karatasi hizo zinalala ndani ya kompyuta yangu, na nyingine ni za siri hata mbele ya mke wa mwenyewe. Nilipoweka sahani ya internet juu ya bati, na pano za jua na batri za kuiendesha, nilitembea mtaani wiki nzima kama mtu aliyeoa.

Mama alifurahi kwa sababu yake mwenyewe. Mdogo wangu wa kike, wa mwisho kuzaliwa, alikuwa amemfuata bwana yake Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nilikataa. Nilisema kule ni matope na bunduki, na kwamba bwana huyo hana hata mlango wa kufunga. Baba yetu amekufa zamani, kwa hiyo nilijiona mimi ndiye wa kukataa. Mdogo wangu hakunisikiliza. Siku anapanda pikipiki, mizigo imeshafungwa, nilimwambia mbele ya mama, "Ukilia kule, usinililie mimi. Usiniandikie." Naye, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka mkubwa, ananijua vizuri. Hakuniandikia hata mara moja. Akaandikiana na mama tu, na kwa mama kuandika maana yake ni sauti, kwa sababu mama aliishia darasa la tatu.

Mtoto wake wa kwanza alikufia tumboni kulekule, siku ya kuzaliwa. Alikuwa amechelewa kuondoka, njia imeharibika, mkunga hayupo. Aliposhika mimba ya pili, mama alipanga naye jambo, na jambo hilo lazima nilieleze vizuri kwa kuwa ndilo lenye uzito wote. Kwetu, bwana anaweza kumkataza mke wake kusafiri, na wazazi wa bwana wanaweza kusema mimba yetu itazaliwa kwetu. Lakini mama mzazi akiita kwa sauti yake, hakuna anayeweza kumzuia mwanamke. Bwana anasikia sauti ya mama mkwe, anainamisha kichwa, anatafuta pikipiki. Barua haitoshi. Ujumbe kwa mdomo wa motari, mwendesha pikipiki, hautoshi, maana mtu anaweza kuutunga. Basi walikubaliana kwamba mwezi wa nane wa mimba ukianza mama ataita, sauti yake itafika, na mdogo wangu atapanda pikipiki aje kuzalia Kasongo, mikononi mwa mama, karibu na hospitali. Kutoka kule ni mwendo wa siku mbili kama mto haujajaa.

Antena ya simu ya Salamabila ilikuwa imelala tangu mvua zianze. Kupiga simu ya kawaida ilikuwa kupigia mawe. Lakini jirani yao mmoja, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa na sahani yake, na alfajiri, kabla wateja hawajaanza kujaa, aliwaacha majirani watumie bure. Ndiyo sababu mdogo wangu alituma sauti kila siku karibu saa kumi na mbili kasoro robo. Amelala vipi, mguu umevimba au haukuvimba, mtoto amecheza. Mama alikuwa anakaa jikoni na simu kwenye mapaja, akisikiliza huku moto unashika, kisha anajibu. Hayo yote sikuyajua wakati ule. Mimi naamka saa moja.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza, ambalo nilipenda kusema ni la mama.

Asubuhi moja nilifungua kompyuta nikakuta kila faili lina jina ambalo sikuliweka mimi. Nikibonyeza, hakuna herufi, ni alama tupu. Orodha za walimu, mapatano ya viwanja, kazi ya miezi, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mtu nisiyemjua. Kirusi kilikuwa kimeingia kupitia rezo yangu, mtandao wa nyumbani, kutoka kwenye mashine ya mtu fulani aliyekuwa ameunganishwa. Nilipofungua ruta, kile kisanduku kinachogawa wifi, kuangalia ni nani wako ndani, nilihesabu mashine kumi na tisa. Nyumba yenye watu wawili! Na ruta yenyewe nilikuwa nimeiachia neno la siri la kiwandani, lile lililoandikwa chini ya kisanduku, kwa hiyo yeyote aliyekuwa ndani angeweza kuigeuza alivyotaka. Hilo la mwisho lilikuwa kosa langu, lakini sikukaa nalo sana. Nilitoka kumtafuta wa kulaumu.

Nilimkuta jikoni. Kode ya wifi ilikuwa ukutani, juu ya kinu, imeandikwa kwa makaa, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tatu. Chini ya ukuta wanawake wanne wa kikundi chake cha sala walikuwa wanatwanga sombe, majani ya mihogo, simu zao zimelazwa kwenye kitenge, zinanyonya.

"Mama, nani aliandika hii?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini moto unawaka. "Mutu anafika kwangu, anaomba, nimukatalie? Kitu chenyewe hakipunguke. Wewe ukitumia, mimi nikitumia, kiko palepale."

Ndivyo alivyolelewa, na mimi pia. Kwetu huli chakula mtu akipita bila kumwita. Jirani akikosa moto, anakuja na kigae, anabeba kaa lako. Kwa mama, kode ilikuwa kaa la moto. Lakini siku ile faili za watu zilikuwa zimekufa, na mwalimu mkuu mmoja alikuwa ameshanisema mbele ya wateja. Nilichukua kitambaa cha kuoshea sufuria nikafuta ukuta, wanawake wakaacha kutwanga. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Kuanzia leo, ambaye sikumuandika kwa mukono wangu, haingii. Hata akiwa nani. Hata akiwa ni mama yangu."

Mama aliokota mchi akaendelea kutwanga, na wale wanawake wakaona heri waage.

Nilifanya kazi siku mbili. Ruta niliibadilisha kode ya wifi na neno la siri, nikaweka refu ambalo hata mimi nililiandika ndani ya daftari. Kisha nyuma ya ruta nikaongeza kisanduku kingine, kile wenye kazi wanakiita ukuta wa moto. Ruta ni mlango wa ua, ukiwa na kode unaingia uani. Ukuta wa moto ndio mlango wa nyumba. Kila simu na kila kompyuta ina namba yake, kama namba ya chasi kwenye pikipiki, na kisanduku kile kinashika orodha ya namba zinazoruhusiwa kupita kwenda duniani. Namba isiyo kwenye orodha inabaki uani, inaona taa ya wifi kwenye simu yake, lakini hakuna kinachoingia wala kutoka. Na kisanduku kinaandika. Kila aliyezuiliwa, kinaweka saa na namba yake, na mbele yake maneno haya: mashine isiyojulikana.

Niliandika mistari minne. Kompyuta yangu, simu yangu, printa, na simu ya mama. Kwa kuwa kweli sikuwa na nia ya kumfunga. Nilichukua simu yake mwenyewe, nikasoma namba, nikaiandika, nikaijaribu ikapita, nikamrudishia bila kusema kitu. Nilitaka kidogo ahisi uchungu wa siku ile, basi. Kode mpya nilimpa pia, maana haikuwa na faida tena kwa mtu mwingine.

Kitu ambacho sikukijua, au nilikisoma zamani nikakisahau, ni kwamba simu za siku hizi zinadanganya. Hazisemi namba yao ya kweli. Zinajitungia namba moja kwa kila rezo, ili mwenye simu asifuatwe. Namba niliyoiandika ya mama ilikuwa ya kutungwa, na simu ingeendelea kuitumia hiyohiyo miaka yote, mradi hakuna anayeifuta yote ya ndani ianze upya, maana hapo ingejitungia nyingine.

Baada ya hapo niliitwa Kabambare, kufunga kompyuta katika ofisi moja, kazi ya wiki nzima. Nilikuwa huko wakati simu ya mama ilipoanguka ndani ya beseni la kufulia. Jirani yetu, fundi wa cherehani, mtu mzima, Mwislamu, mjane, aliyekuwa akishona barazani kwake tangu jua halijatoka, alimpelekea simu kwa mtengenezaji sokoni. Mtengenezaji aliikausha, akafuta yote ya ndani, akarudisha programu ya sauti kwa internet yake ya sokoni, ikawa kama mpya. Jirani akaja nayo, akamwekea ile kode. Taa ya wifi ikawaka juu ya kioo, na pembeni yake alama ndogo ya kuuliza. Haikupita kitu.

Mama akaelewa kwa namna yake. Mtoto wangu alisema hata akiwa ni mama yangu. Basi, ametimiza.

Niliporudi kutoka Kabambare, mgongo umevunjika kwa pikipiki, kitu cha kwanza nilifungua kisanduku. Na nikacheka peke yangu kwa furaha. Kulikuwa na mtu. Mashine isiyojulikana, saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu asubuhi, imezuiliwa. Kesho yake, saa kumi na moja na arobaini na sita, imezuiliwa. Siku iliyofuata tena. Na kwa namna ilivyofika hadi pale, mtu huyo alikuwa na kode sahihi.

Nataka kusema wazi jinsi nilivyojisikia, kwa sababu sasa ni aibu. Nilijisikia vizuri. Baada ya kuchekwa na walimu, hapa kuna mwizi, na hapa kuna ukuta wangu, na mwizi anagonga kila siku anarudi mikono mitupu. Nikawa nakunywa chai yangu saa moja na kisanduku kimefunguliwa mbele yangu, nikisoma mistari ya alfajiri. Kila siku alikuwa anajaribu kwa muda wa kama nusu saa, kisha anaacha. Nilimzoea. Siku moja aliyochelewa mpaka saa kumi na mbili na robo, nilijiuliza kama amelala vibaya.

Wala sikuangalia upande wa pili, wa waliopita. Ningeangalia, ningeona kwamba mstari wa nne, wa simu ya mama, haujapita hata mara moja tangu niende Kabambare. Mtu aliyekasirika anaangalia waliokataliwa tu.

Ni nani anaamka saa kumi na moja na nusu? Nilihesabu majirani, na hesabu haikuwa ndefu. Nilimwendea fundi wa cherehani, na sikwenda kwa adabu. Nilimkuta anapitisha uzi kwenye sindano.

"Papa, kode yangu umeipata wapi?"

Akamaliza kwanza kupitisha uzi. "Nilipewa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Wewe ni mwenye vyombo, mwanangu. Nyumba iko ya mama yako."

Nikamwambia yote. Kwamba kila alfajiri anajaribu kuingia kwangu, kwamba nina ushahidi, saa na dakika. Nikamwambia anipe simu yake niisome. Hakunipa. Alivua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona, akasema taratibu, "Uliza kwanza ndani ya nyumba yako. Ukimaliza, urudi, nitakupatia simu na shati langu pia."

Nililichukua kama tusi. Nilidhani anataka kusema mama yangu bado anagawa kode kama chumvi. Nilirudi nyumbani nimewaka, nikasimama kwenye mlango wa jikoni. "Mama, bado unawapa watu kode?"

"Sina kitu cha kumupa mutu," alisema, bila kugeuka.

Na kwa muda wa wiki zile alikuja kwangu mara moja tu. Hili ndilo ninalolikumbuka mara nyingi zaidi, ingawa halikuchukua hata dakika. Nilikuwa nachapa, mteja ameketi. Mama alisimama mlangoni, simu mkononi, kitenge amekifunga vizuri kama mtu anayekwenda ofisi ya watu. Niliona simu, nikajua kilichomleta. Nikasema, "Mama, kama ni mambo ya wale wamama wa sala, usianze. Nimesema hapana." Alimsalimu mteja, akamuuliza habari ya watoto wake, akaondoka.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda kwingine. Internet iko sokoni, kwa mtengenezaji yuleyule, na hata fundi wa cherehani angemtafutia njia. Nilimuuliza baadaye. Alisema angefikaje sokoni, mama mzima, akaombe rezo, na watu wote wa barabara hii wanajua kwamba sahani iko juu ya bati lake? Wangesema mtoto wake amemfukuza. Alikuwa ananifichia aibu. Fundi peke yake ndiye aliyejua simu haipiti, na mama alimwapisha asiseme. Kumbe ndiyo maana fundi alikunja maneno siku ile.

Alichofanya ni kumtuma motari mmoja anayekwenda Salamabila. Amwambie binti yake aje, mwezi umefika. Motari alikaa siku nyingi njiani, daraja limekatika, na alipofika akasema ujumbe, wakwe wakamuuliza sauti ya mama iko wapi. Hakuwa nayo. Wakampa maji ya kunywa, wakamshukuru, na mdogo wangu akabaki. Hata yeye hakuamini. Mama aliyekuwa anamjibu kila alfajiri amenyamaza ghafla, halafu anatuma mtu asiyejulikana kumwita? Aliona kwamba mama amechoshwa naye, au mimi nimemshinda mama kwa maneno. Ndivyo alivyomwambia bwana yake. Hilo la pili halikuwa mbali sana na kweli.

Habari ilikuja kwangu. Si kwa mama, kwangu, kupitia sahani ileile na ukuta uleule, kwa sababu simu yangu ilikuwa kwenye orodha. Ilitumwa na shemeji yangu, mtu ambaye sikuwahi kumsalimu vizuri. Sauti yake ilikuwa ya kukauka. Alisema mdogo wangu ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, damu imetoka nyingi, mtoto amefariki, mtoto wa kiume. Mama wa mtoto yuko hai, lakini haongei. Alisema, "Shemeji, tulimungojea mama aite. Kama alikataa, angesema tu kama anakataa."

Nilisikiliza mara mbili. Kisha nikaenda jikoni, na hata pale, Mungu anisamehe, nilikwenda na hasira. Nilimwambia habari kwa maneno machache, kama mtu anayetupa mzigo. Mama aliketi chini palepale alipokuwa, juu ya majani ya mihogo. Nami nikamuuliza, "Kwa nini hukumuita? Si wewe ndiye unaongeaga naye? Kwa nini hukumuita?"

"Kwa njia gani?" alisema. "Si ulinifunga?"

"Nani? Mimi sikukufunga. Nilikuandika kwa mukono wangu."

Akatoa simu ndani ya kitenge. Alikuwa anaizima kila akimaliza ili chaji isiishe, kwa hiyo ilichukua muda kuwaka, na sisi wote wawili tulikaa tukiiangalia. Ikashika wifi. Ikaweka ile alama ndogo ya kuuliza. Nikaenda kwenye mipangilio, nikatafuta namba yake, nikaisoma. Sikuhitaji kwenda kuilinganisha na chochote. Namba ile nilikuwa nimeinywea chai kwa siku ishirini na tano.

Nikaenda ofisini, nikaiandika. Mstari wa tano. Nikatoka ofisini kurudi jikoni, na nilikuwa bado uani niliposikia simu ya mama inaanza kulia, mlio mmoja juu ya mwingine, huu haujaisha ule umeanza. Nilipofika mlangoni alinyoosha mkono. Hakunitazama. "Ungoje inje," alisema. "Hizi ziko zangu."

Nilisimama nje ya jikoni, upande wa ukuta niliokuwa nimeufuta. Jiko halina dari, sauti inatoka. Nilisikia sauti ya mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pikipiki. Mwanzoni alikuwa anacheka. Mama, mtoto anapiga teke, huyu atakuwa mchezaji. Mama, uko muzima? Mama, leo mguu umevimba. Kisha alianza kuuliza, na maneno yakawa yaleyale siku baada ya siku, mafupi zaidi kila mara. Mama, mwezi umefika, nikuje? Mama, wananiuliza kama umeita, nikuje? Mama, kama yaya ndiye anakukataza, niambie tu, sitakasirika. Nikuje? Ya mwisho ilikuwa pumzi tu, na jogoo wa huko kwao.

Baadaye mama alibonyeza. Nilimsikia anasafisha koo kama anavyofanya kanisani kabla ya kusoma. Alisema kwa sauti kubwa, ile ya kusikika na bwana na wakwe, "Ni mimi mama yako. Ninakuita. Kuja." Kisha akaituma, na ikapita.

Hakuja. Alijibu baada ya siku nne, maneno yaliyoandikwa, si sauti, kwamba amesikia, asante mama, lakini sasa haina haraka tena. Yupo kulekule hadi leo. Mimi nilimwandikia barua ndefu, mimi ambaye naandika barua za watu wote wa mji huu, na nilipoisoma niliona imejaa maelezo ya namba na visanduku. Niliifuta. Nikamwandikia kwamba nimekosa. Hajajibu, na sitamlaumu.

Kwa fundi wa cherehani nilikwenda siku ileile habari ilipofika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa simu yake niisome kama alivyoahidi. Nilikataa kuipokea. Hakunisukuma wala hakunifariji. Bado tunasalimiana.

Watu waliniambia niuvunje ukuta wote, niache wazi kama zamani. Sikuuvunja. Karatasi za watu bado ziko ndani na virusi bado viko nje, hilo halikubadilika. Nilitenganisha tu: sehemu moja ya kazi, imefungwa, na nyingine ya nyumbani, ambayo kode yake mama anampa anayetaka. Lakini hampi mtu tena. Wanawake wa sala wanakuja, wanatwanga, simu zao ziko ndani ya mifuko. Nilimwambia, "Mama, sasa unaweza kuwapa, hakuna shida." Akasema amezoea.

Wiki iliyopita aliingia ofisini mwenyewe. Hakukuwa na mteja. Aliuliza kama kile kisanduku kinachoandikaga majina ya watu bado kiko. Nikasema kiko. Akataka kuona siku zake. Nilivuta kiti akaketi, nikamfungulia. Hasomi haraka, kwa hiyo alipitisha kidole mstari kwa mstari, na mimi nikamwelezea saa ziko wapi. Saa kumi na moja na arobaini na tatu. Na arobaini na sita. Na arobaini na moja.

"Hii yote ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unaisoma?"

"Kila asubuhi. Nilifikiri ni mwizi."

Alifika kwenye mstari wa mwisho, akarudisha mkono wake mapajani. "Sikuulizi juu ya mwizi," alisema. "Nauliza kama ulijua kuko mutu, kila siku, anaomba."

Nilimwambia nilijua.